Jina la Baba Mkwe kwenye Dirisha la Dawa

Bujiku ng'wana Mayala, mjukuu wa Maduhu. Hilo ndilo jina lake lote, na mimi naliandika bila kutetemeka kwa sababu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni kabla hajaota meno.

Maduhu, babu yetu, ndiye aliyeswaga ng'ombe kutoka Meatu mwaka wa ukame, akafika nao huku upande wa Mwakitolyo bila kupoteza hata ndama. Mayala, baba yetu, alichimba lambo kwa jembe la mkono, na mpaka leo mifugo ya watu inanywa pale, wengine hata hawajui lilichimbwa na nani. Na Bujiku mwenyewe, ujanani alipuliza filimbi ya sungusungu wezi wa ng'ombe walipotuelemea. Wachimbaji wa dhahabu walipokuja na maduara yao, yaani mashimo yao, duara moja likatitia na watu ndani, ni yeye aliyefika na kamba za kufungia ng'ombe na maksai wake wawili, akawavuta. Mmoja alikuwa Msukuma wa hapahapa, mwingine kijana wa Kigoma. Walipomwambia adai chochote anachotaka, akadai kamba zake.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemkuta amelala huku amekaa kwenye kiti, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, akiogopa kujinyoosha kitandani asije akakosa pumzi. Na dawa yake ilikuwepo kituo cha afya, tele, wala haijaisha.

Nieleze ilivyokuwa.

Bujiku ana ugonjwa wa moyo. Daktari alisema moyo wake umechoka kusukuma damu, kwa hiyo maji yanabaki mwilini na kushuka miguuni, yakizidi yanapanda kifuani. Akapewa vidonge vya kuyatoa yale maji na vingine vya presha, na kadi ya kliniki, na siku yake ya kwenda kila mwezi. Mwanzoni alikuwa akienda mwenyewe kwa baiskeli. Anafika, anasalimia kila mtu kwenye benchi, anasomewa presha, anachukua dawa dirishani, anarudi kupitia kwenye soko kuangalia bei ya ng'ombe hata kama hana ng'ombe wa kuuza. Baiskeli ilipomshinda, kazi ya kumchukulia dawa ikamwangukia Lusia, mke wa mwanawe.

Mwanawe Mwigulu yuko machimboni Geita. Akipata anatuma, akikosa anapiga simu kueleza alivyokosa. Mke wa Bujiku alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo katika boma lile mtu mzima mwenye miguu mizuri ni Lusia.

Sasa, kwetu mke wa mtoto hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Mimi niliolewa Nyahanga, kule Kahama, na baba mkwe wangu alikuwa na jina zuri la mtakatifu. Sikulitamka mpaka alipozikwa, na hata padri alipolitaja kwenye ibada ya mazishi nilitazama chini. Siku hizi mabinti wengi wanachukulia jambo hili kimzaha. Lusia hachukulii kimzaha. Alipompeleka mtoto wake Blessing kliniki kwa mara ya kwanza, nesi alimuuliza jina la baba wa mtoto.

"Mwigulu," akajibu.

"Mwigulu nani?"

"Mwigulu huyohuyo."

Nesi akacheka, akaandika Blessing Mwigulu Mwigulu, na mtoto anasoma shule kwa jina hilo mpaka leo. Bujiku alipoisikia habari hiyo alifurahi kama mtu aliyezawadiwa fahali. Akawa anaisimulia kila penye watu: "Mke wa mwanangu mimi kalelewa. Hata serikali imeshindwa kumtajisha jina langu."

Pale kituoni, mtoa dawa wa zamani alikuwa mama wa hukuhuku. Lusia akifika dirishani na kadi, yule mama anasema, "Wa kwa Mwigulu?" Lusia anaitikia kwa kichwa, anapewa. Mambo yakaenda hivyo muda mrefu, na hakuna aliyeona ubaya.

Ubaya ulikuja siku moja ya kliniki ambayo watu walijaa mpaka nje. Wa presha, wa sukari, wote siku moja. Lusia alikuwa dirishani pamoja na Violeth, aliyeolewa kwa mzee Edward wa kijiji cha pili. Naye alikuwa amemfuatia baba mkwe wake dawa, ila za sukari. Yule mama akaweka bahasha mbili kwenye ubao wa dirisha, akauliza, "Ipi ya nani?" huku ameshageukia kadi nyingine.

Mtu mwingine yeyote angesoma jina kwenye bahasha. Lakini hawa wawili, kila mmoja akakwepesha macho, maana kwao hata kulisoma jina la mkwe kimoyomoyo lilikuwa kama kulitamka. Kila mmoja akaonyesha kwa kidole bahasha iliyokuwa karibu naye, akaichukua, akaifunika kwenye kanga. Wakaagana vizuri kabisa.

Lusia alipofika nyumbani akaiweka bahasha kwenye kigoda cha mzee, maandishi yakitazama chini, kama alivyozoea. Bujiku naye shule aliiacha mapema akafuata ng'ombe, na macho ya uzee hayasomi vitu vidogo. Vidonge vilikuwa vyeupe na vya kwake vilikuwa vyeupe. Akameza.

Walimkuta zizini ameanguka, jasho la baridi linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wakaanza kutaja mchawi. Kituoni walipompima walikuta sukari imeshuka vibaya, wakamtundikia chupa ya maji ya sukari, akazinduka akauliza nani amefunga ng'ombe. Ndipo bahasha ilipogeuzwa, ikasomwa jina la Edward. Na Edward huko kwake alikuwa anashinda njiani kati ya nyumba na choo, ameshawaambia watoto wake kuwa kuna mtu kamtupia mkojo wa ukoo mzima. Mungu ni mwema, wote wawili walipona.

Baada ya hapo kituo kikaweka sharti. Anayekuja kuchukua dawa, iwe zake au za mgonjwa aliyeko nyumbani, atoe kadi, kisha aseme kwa mdomo wake mwenyewe jina la mgonjwa, umri wake na anakotoka. Asiyesema hapewi. Yule mama akahamishiwa wodini, akaja kijana anaitwa Chacha.

Haya yanayofuata nilisimuliwa na Lusia mwenyewe jikoni, machozi yakimdondokea kwenye mboga.

"Jina la mgonjwa?" Chacha alimuuliza.

"Lipo kwenye kadi, daktari."

"Naliona. Nataka nilisikie kwako."

"Ni baba."

"Baba yako mzazi?"

"Baba wa Mwigulu."

"Mwigulu ndiye nani?"

"Mume wangu."

"Haya, mumeo ni Mwigulu nani?"

Foleni ikaanza kuchekacheka. Mwanamke mmoja muuza dagaa aliyetoka Nkome akapaza sauti, "We kijana, unamtesa mwenzetu! Huyo hasemi hata umchape."

"Basi msemee wewe, mama."

"Nimsemee, kwani namjua? Mimi nimekuja na magunia yangu ya dagaa, kichwa kinaniuma, nataka dawa niondoke!"

Chacha akainama karibu na nondo za dirisha, akashusha sauti. "Dada, mimi ni mtu wa Tarime. Kwetu mke wa mtoto akimwona baba mkwe anakuja njiani, anapita porini. Sikucheki, naijua hali yako. Lakini kwenye dirisha hilihili wazee wawili walibadilishiwa dawa, na mmoja ni huyu wa kwako. Nikikupa bila kusikia jina nitakuwa nimerudia yaleyale."

"Nikikuonyesha kwa kidole?"

"Hata siku ile mlionyesha kwa kidole."

Lusia akafungua mdomo. Aliniambia alifungua kweli. "Mayu," akaniita, yaani mama, "lilifika hapa." Akashika koo. "Likagoma. Nikaona kama nimemvua nguo mbele za watu."

Akaondoka bila dawa. Akapitia duka la dawa kwenye senta ya wachimbaji, akaeleza anachotaka. Muuzaji akamwambia dawa ya moyo haiuzwi kwa kuombwa kwa mdomo kama ya mafua, alete cheti cha daktari chenye mhuri. Na hata akija na cheti, ataulizwa ni cha nani. Akarudi nyumbani, akapiga magoti mbali na mzee kama kawaida yake, akasema, "Sikufanikiwa, baba."

"Dawa hazijaletwa?"

Akanyamaza. Angemwambiaje? Bujiku akachukua kimya kile kuwa ndiyo, akasema hamna neno, serikali italeta. Akakaa anaisubiri serikali huku maji yanapanda.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta. Nilikuwa nimetoka Nyahanga kuja kumsalimia tu, na kitenge cha zawadi kwa Lusia. Kitenge sikukumbuka hata kukitoa. Niliita bajaji ya jirani, tukampakia Bujiku, mimi nikamshika mabega.

Kituoni pameandikwa ukutani tuwapishe wazee, na siku hiyo watu walipisha, maana kifua chake kilisikika kabla hajafika mlangoni. Daktari akamwona kwanza, akachomwa sindano, akapumzishwa kitandani mpaka akaanza kukojoa na kupumua kama mtu. Ndipo nikaenda na kadi dirishani.

"Shikamoo mama. Jina la mgonjwa?"

"Marahaba. Bujiku ng'wana Mayala wa Maduhu, na kama unataka na la babu wa Maduhu nitakupa."

Chacha akacheka. "Linatosha, mama. Wewe ni nani kwake?"

"Dada yake mkubwa."

"Basi tunaomba uje wewe kila mwezi."

Bujiku alikuwa ameshaletwa kwenye benchi, anatusikia. Chacha akatoka nje ya chumba chake akaja kukaa naye. Nilimpenda kwa hilo, hakusemea dirishani. Akamwambia, "Mzee, mke wa mwanao alikuja siku yako ya kliniki. Dawa zilikuwepo. Alishindwa kukutaja, nami sikumpa. Naomba unielewe."

Bujiku akaelekeza kidevu dirishani. "Alisimama hapo?"

"Hapo hapo."

"Watu wakamcheka?"

"Walicheka, mzee."

Mimi nikauliza kama hakuna njia nyingine, maana mtu wa Kahama hawezi kuja kila mwezi, na mwenyewe miguu ndiyo hiyo. Chacha akatueleza bila haraka. Mzee mwenyewe anaweza kuja, ndiyo njia bora, anapimwa na presha papo hapo. Akishindwa, anaweza kumtuma mtu mzima yeyote anayemwamini, aje na kadi na vidonge vilivyobaki, ataje jina, umri na kijiji. Hali ikitulia, daktari anaweza kuandika dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja, safari zipungue. Dawa ikikosekana dirishani, ataandikiwa cheti aende famasia ya mjini, na kule pia wataomba jina. Mhudumu wa afya anayepita majumbani anaweza kusaidia kufuatilia, ila ana vitongoji vingi, asitegemewe yeye peke yake.

"Mwingine amtaje, yeye apokee?" nikauliza. "Kwenye foleni hakosekani mtu."

"Huyo mtu wa foleni atajuaje kama kadi anayoisoma ni ya mgonjwa mwenyewe? Tulishaona, mama. Anayebeba dawa ndiye anayetakiwa kumjua mgonjwa kwa jina lake."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa amesema kwa adabu.

Tukarudi kwa bajaji ileile. Tulipokaribia boma Bujiku akasema, kama anaongea na miguu yake, "Mimi ndiye niliyemsifia mno."

"Ulimsifia nini?"

"Kutonitaja. Nilimsifia kwa kila mtu, dada. Sasa angenitajaje?"

Nilikaa pale mpaka uvimbe ukapungua na akaanza kulala kitandani. Siku ya kliniki iliyofuata ilipokaribia, aliniita asubuhi baada ya uji. Lusia alikuwa anafagia uwanja.

"Mwite mtoto huyo," akasema. "Asipige magoti kule mbali. Aje hapa chini ya dirisha."

Nyumba ya Bujiku ina kidirisha cha mbao upande wa uwanja. Yeye akaingia ndani, nikamsikia anaburuta kigoda, mara kidirisha kikafunguka na kichwa chake kikatokea, amevaa kofia yake ya kwendea kanisani. Lusia akashtuka, akataka kurudi nyuma. Nikamshika mkono.

"Mama," Bujiku akaita kwa sauti ya kiofisi, "kadi yako."

Lusia akanitazama. "Mayu, baba anaumwa tena?"

"Mpe kadi," nikamwambia. "Mimi niko nyuma yako kwenye foleni, usinicheleweshe."

Akaingia ndani kwake, akarudi na kadi, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, uso ameugeuzia zizini.

"Umri wa mgonjwa?"

Akautaja.

"Kijiji?"

Akakitaja.

"Jina?"

Lusia akakamata ncha ya kanga akaiuma.

Bujiku akavua ile sauti ya kiofisi. "Lusia," akamwita. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Siku zote alikuwa Mama Blessing. "Mimi nimekutaja. Umeona ukuta umeanguka?"

"Hapana, baba."

"Kama wazee wetu waliacha utaratibu wa kulifungua jambo hili, nimewaza sana sijaukumbuka. Kwa hiyo nautengeneza mimi. Yule mbuzi jike mwenye baka shingoni ni wako kuanzia leo, na watoto wake. Akiuliza mtu, mwambie baba mkwe wako amekupa kwa kukufungua mdomo, na dada yake alikuwepo."

"Nilikuwepo," nikasema.

"Baba, naona aibu."

"Najua. Hata mimi naona. Ndiyo maana nimekaa huku ndani." Akageuka, akatupa mgongo, tukabaki tunaona kisogo na kofia. "Sikutazami. Nafanya kazi zangu, natafuta dawa. Jina la mgonjwa?"

Lusia akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Likatoka. Lilikuwa dogo, la puani, nusu yake likabaki kwenye kanga, lakini lilikuwa lenyewe.

"Nani?" Bujiku akauliza bila kugeuka. "Kuna kelele huku."

"Bujiku."

"Bujiku nani? Wako wengi."

"Bujiku Mayala." Na hapo akaanza kulia, kisha kucheka, akajifunika uso na ile kanga, na mimi nikamshika kiunoni. Bujiku alibaki amegeuka. Nilimwona anapangusa macho kwa kofia yake, kisha akaivaa tena ikiwa imepinda.

Alipogeuka aliichukua kadi pale ukingoni, akaifuta vumbi lisilokuwepo. Hakuiweka kwenye kigoda, wala hakunipa mimi nimpe. Aliipitisha dirishani mpaka kwenye mkono wa Lusia.

"Kazi hii nakukabidhi wewe," akasema. "Siyo Mwigulu, siyo dada yangu. Kila mwezi utakwenda. Bahasha ukipewa, igeuze juu, usome jina langu palepale dirishani kabla hujaondoka, na ukifika hapa unisomee tena mimi mwenyewe. Ukimkuta yule wa kwa Edward amekwama, mwambie amtume Edward kwangu, nitazungumza naye."

"Ndiyo, baba."

"Na jina usilinong'one. Litaje mtu wa mwisho kwenye benchi asikie."